Mungu na roho: mmoja au wawili? Swali la kwenda nalo hekaluni

Ukikaa Likoni, Kisauni au Changamwe, kila ukienda mjini Mombasa unapita mahekalu ya Kihindu, na pengine umeambiwa Wabaniani wote imani yao ni moja. Si hivyo. Wanafalsafa wao wamebishana zaidi ya miaka elfu moja juu ya jambo hili: roho yako na Mungu ni kitu kimoja, au ni wawili?

Nani anasema ni kimoja? Ni watu wa Advaita, na mwalimu wao mkuu ni Shankara wa kusini mwa India, anayekadiriwa kuishi karne ya 8. Kwake, kilichopo kweli ni Brahman tu, yaani uhalisi usio na umbo wala kikomo, na roho yako ndiyo hiyo hiyo Brahman. Mbona basi tunajiona mbalimbali? Kwa kutojua. Wao hupenda mfano wa mtu aliyekanyaga kamba gizani akadhani nyoka: anaruka, jasho linamtoka, na nyoka hayupo. Taa ikiletwa, hakuna cha kuua. Ukombozi, basi, ni kujua. Waliosoma kwa masheikh watakumbuka ubishi wa wahdatul wujud, yaani umoja wa kuwepo, unaohusishwa na Ibn Arabi. Unafanana na huu kidogo, ila usiuchanganye nao.

Na wanaosema wawili? Hao ni wa Dvaita, wafuasi wa Madhva wa Udupi, karne ya 13. Kwao Mungu ni Vishnu. Roho zinamtegemea, lakini hazigeuki kuwa yeye hata zikikombolewa. Muislamu au Mkristo atajiona yu karibu nao, mpaka asikie kwamba Madhva pia alifundisha roho huzaliwa tena na tena.

Kati yao yuko Ramanuja, wa karne ya 11 na 12: roho na dunia ni kweli, nazo ni kama mwili wa Mungu. Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Swaminarayan wa Gujarat (1781–1830), ambaye wafuasi wake wana hekalu Barabara ya Haile Selassie, aliandika katika Shikshapatri, andiko lake la 1826, kwamba msimamo wake ni huo. Watu wa Hare Krishna, wa Barabara ya Sauti ya Kenya, wanamfuata Chaitanya (1486–1534): roho ni moja na Mungu na papo hapo ni tofauti naye, kwa namna ambayo akili haiifikii. Kwa hiyo usiende huko ukitarajia jibu la Shankara.

Ukitaka kwenda, gharama je? Kuvuka feri ya Likoni kwa miguu ni bure. Wa Kisauni na Changamwe watalipa matatu. Muulize makanga nauli kabla ya kupanda, hasa jioni na siku za mvua. Hekaluni hakuna kiingilio, na sanduku la sadaka si lazima. Nenda asubuhi au jioni, kwani mchana pazia la madhabahu hufungwa. Funika mabega na magoti, vua viatu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukipewa prasad, chakula kilichotolewa kwanza mbele ya Mungu, hakina nyama, samaki wala mayai. Ikiwa dini yako haikuruhusu, kataa kwa upole.

Usiulize "mna miungu mingapi?" Uliza: "Roho ikishakombolewa, inabaki kuwa roho?" Shankara angesema hapana, Madhva angesema ndiyo, milele, na katikati hapo utasikia mengi.

Dada yangu, usimwendee sadhu wa Swaminarayan, mtawa wao, moja kwa moja: ana nadhiri ya kutozungumza na wanawake. Kaa upande wa kina mama uwaulize wao. Kiswahili si kigeni kwao.