Ayie ni Jumamosi, Uso Umechubuliwa Jumatano

Mdogo wangu, maswali yenu ya siku hizi yamefanana kama pacha. Umefanyiwa uso, ngozi inawaka, na Jumamosi wageni wa upande wa mume wanakuja nyumbani kwenu kwa ayie, ile sherehe yetu ya Kiluo ya posa. Upake mekapu, au uwatokee wakwe hivyo hivyo?

Kwanza niambie ulifanyiwa nini. Kama ni nyusi zilizotolewa kwa uzi au nta, subiri hadi kesho yake, basi. Kama ulitobolewa kwa sindano ndogondogo, saa 24 ndizo za chini kabisa, na mimi ningengoja siku mbili au tatu, kwa sababu chochote unachopaka kabla vitundu havijafunga kinazama ndani, pamoja na vijidudu vyake. Uso uliochubuliwa kwa asidi huanza kubanduka baada ya siku mbili tatu na huchukua hadi wiki moja kutulia. Usiubandue kwa kucha, na usiufunike kwa faundesheni. Hata urembo wenyewe hautakuwepo: poda hushika kwenye vigaga ukaonekana kama ngege aliyeparuliwa magamba nusu. Leza inayoondoa ngozi ya juu inaweza kudai wiki mbili, na hapo neno la daktari ndilo la mwisho.

Kwa hiyo shughuli za asidi hazifanywi Jumatano ya wiki ya sherehe. Zifanye mwezi mmoja kabla. Mhudumu akikwambia utang'aa kesho, huyo anauza.

Sasa jua, ambalo wengi mnalichukulia poa. Kisumu iko kilomita chache tu kusini mwa ikweta, na juu ya usawa wa bahari tumepita mita 1,100. Ukikaa ufuoni Dunga ukila samaki, upepo wa ziwa unakupoza, unadhani jua limelala, kumbe miale inafanya kazi yake. Ngozi zetu nyeusi zikiumizwa kisha zikapigwa jua hujibu kwa madoa meusi, na madoa hayo yanaweza kukaa miezi. Ulienda kuondoa alama za chunusi, unarudi na ramani.

Ngozi ikishafunga, losheni ya kukinga jua ndiyo itangulie, mekapu ifuate. Chagua yenye SPF 30 au zaidi, na ukishinda nje irudie kila baada ya saa mbili. Najua mnalalamika kwamba inawaacha weupe kama mmepakwa unga. Tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma. Rangi hiyo si mapambo tu: mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi, na oksidi ya chuma huuzuia vizuri kuliko losheni nyeupe ya kawaida. Kabla ngozi haijafunga, dawa yako ni kivuli, kofia pana na leso, hasa ukipanda boda saa saba mchana.

Siku ya kwanza ya mekapu, paka kidogo. Sponji iwe safi, faundesheni isiyo na manukato, na uache ile isiyotoka kwa maji, maana kuitoa ni kusugua. Brashi ya mpambaji iliyopita nyuso tano asubuhi hiyo isikuguse. Beba yako, asinune.

Na sindano? Zifunguliwe mbele ya macho yako, zikiwa mpya. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa ripoti kuhusu wanawake walioambukizwa virusi vya Ukimwi baada ya kudungwa usoni kwa damu yao wenyewe katika saluni moja ya New Mexico isiyokuwa na leseni. Kirola cha sindano cha kuazimana na rafiki ni hatari ileile, tena bila hata kulipia.

Jambo moja tuongee kwa sauti ya chini. Kama unatumia mkorogo wa kujichubua ngozi, mwambie mhudumu kabla hajakugusa. Krimu za namna hiyo zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na asidi inayomfaa mwenzako inaweza kukuunguza wewe. Mwambie pia kama huwa unatokwa na malengelenge ya homa mdomoni, kwa sababu asidi na leza huyaamsha. Hakuna aibu hapo.

Ukiona usaha, malengelenge, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usirudi saluni kufichiwa. Nenda hospitali, hata kama ni pale Jaramogi kwenye foleni.

Na asubuhi ya ayie ikikukuta ngozi bado inatoa majimaji, mwambie mpambaji akufunge kilemba kizuri, akuvalishe hereni kubwa, akupake rangi ya mdomo, na uso wako auache.