Kiporo: Muda wa Saa 2 za Kwanza

Katika kaya nyingi nchini, chakula cha usiku hakiishi usiku. Wali uliobaki hufunikwa, sufuria huachwa juu ya jiko lililozimika, na asubuhi wali huo hukaangwa kwa mafuta kidogo na kuliwa pamoja na chai. Hicho ndicho kiporo, na hakuna sababu ya kukionea haya. Mchele umenunuliwa kwa fedha, mkaa nao umenunuliwa kwa fedha, na wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba kumwaga chakula ni kufuru. Somo hili halikusudii kumzuia mtumiaji kula kiporo. Linakusudia kueleza kiporo huharibika wakati gani, kwa sababu wengi hudhani huharibika alfajiri, ilhali kinaweza kuanza kuharibika kabla wenye nyumba hawajalala.

Tuanze na wali, maana ndio unaoliwa sana ukiwa kiporo na ndio unaoaminiwa kupita kiasi. Katika udongo huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus, naye hufika jikoni pamoja na nafaka. Bakteria huyu hutengeneza spora, yaani mbegu ndogo zenye ganda gumu, na baadhi ya spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiisha kuiva na kuanza kupoa taratibu, spora huchipua, bakteria huongezeka, na baadhi yao huacha sumu ndani ya chakula. Sumu hiyo haiondolewi na joto la jiko la nyumbani. Unaweza kuukaanga wali huo hadi ushike ukoko. Bakteria watakufa, sumu itabaki. Haina harufu wala ladha, hivyo desturi ya kuonja kijiko kimoja ili kujua kama chakula ni kizima haimsaidii mtu hapa. Mlaji huanza kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Mtu mzima kwa kawaida hupona ndani ya siku moja. Mtoto mdogo hupungukiwa maji upesi, na akishindwa kunywa au akilegea apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kwa sababu hiyo, swali la kujiuliza si kama kiporo kimepashwa moto vya kutosha, bali kilipoa kwa muda gani. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa 2. Kikitunzwa cha moto, kiwe juu ya nyuzijoto 60. Kikitunzwa cha baridi, kiwe chini ya nyuzijoto 5. Kati ya viwango hivyo ndipo bakteria wanapostawi, na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa humo kwa saa nyingi: juu wali umepoa, katikati bado ni vuguvugu.

Hapa kidogo kina faida kuliko kingi. Bakuli moja la wali uliotandazwa hupoa haraka, sufuria nzima haipoi. Basi chakula kinachotarajiwa kubaki kigawanywe katika vyombo vidogo vyenye kina kifupi, na vyombo hivyo vikalishwe ndani ya beseni la maji ya baridi kabla ya kuingizwa kwenye friji. Kitengwe pia kabla ya kupakua, kwa mwiko safi. Masalia ya sinia yasirudishwe katika sufuria, kwani mikono ya walaji hubeba bakteria wengine ambao sumu yao nayo haiharibiwi kwa kuchemsha.

Hotpoti inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Ni chombo kizuri kwa saa chache, lakini chakula cha aliyechelewa kazini kikiwekwa humo tangu jioni, kufikia usiku wa manane kimeshuka hadi kuwa vuguvugu. Kadhalika uji wa mtoto unaowekwa katika chupa ya chai asubuhi ili anyweshwe hadi alasiri. Mlezi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, na pengine ndiyo njia pekee anayoijua ya kuondoka nyumbani akiwa na amani. Ni salama zaidi kumwachia anayebaki na mtoto unga uliopimwa, apike kidogo kila mara. Uji uliobaki katika kikombe alichonywea mtoto haufai kutunzwa.

Kaya nyingi hazina friji, na kwazo ushauri ni mgumu zaidi kuutekeleza. Desturi ya kuchemsha mboga kabla ya kulala hupunguza bakteria, lakini haimalizi spora, na sufuria hurudi kupoa polepole usiku kucha. Mchuzi wa nazi, nyama na wali ni bora viishe usiku uleule. Wanaochemsha maharage ya siku tatu kwa mara moja ili kuokoa mkaa wajaribu kuyaloweka usiku: huiva upesi, na hivyo kupika ya siku moja hakuli mkaa mwingi. Vyakula vikavu kama maandazi na chapati hustahimili usiku mmoja kuliko wali au mchuzi, kwa kuwa bakteria huhitaji unyevu ili waongezeke.

Wenye friji wale kiporo ndani ya siku 3, na wali ni vizuri uliwe kesho yake. Kipashwe moto mara moja tu, kiasi kinacholiwa wakati huo, hadi mchuzi uchemke wote na wali utoe mvuke hata katikati. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe. Ukibaki umefungwa, chakula hukaa baridi kwa takriban saa 4. Muda huo ukipita, wali, mchuzi, nyama na maziwa vitupwe hata kama bado vinanukia vizuri. Vitunguu, matunda mazima na achari havina neno.