Somo: Ng'ombe, Maziwa na Kifua Kikuu

Soma: Mithali 27:23–27

Ndugu Wakristo, aya hizi zamtaka mfugaji aijue vema hali ya wanyama wake, kisha zataja maziwa ya kuilisha nyumba yake. Mambo hayo mawili hayatengani. Asiyejua afya ya ng'ombe wake hajui anawapa watoto wake nini kikombeni.

1. Ugonjwa ulivyojulikana

Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kuwa amekigundua kijidudu kiletacho kifua kikuu. Mwaka 1898 Theobald Smith wa Marekani alionyesha kwamba kijidudu cha ng'ombe na kile cha watu ni ndugu, wala si kimoja. Mwaka 1901, mjini London, Koch alisema kile cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Serikali ya Uingereza haikuridhika. Iliunda tume, na mwaka 1911 tume hiyo ikatoa jibu lake: watu huambukizwa, hasa watoto, na njia kubwa ni maziwa. Watoto wengi wa nchi ile walivimba matezi ya shingo, wakaugua matumbo na mifupa. Hali ilitengenea pale maziwa yalipopashwa moto kabla ya kuuzwa, na ng'ombe walipopimwa na wenye ugonjwa kuchinjwa.

2. Unavyotufikia

Kifua kikuu kilicho kingi hutoka kwa mtu hadi mtu kwa kukohoa. Lakini kile cha ng'ombe huingia kwa maziwa mabichi, na pengine kwa pumzi ya mnyama mgonjwa katika zizi lisilopitisha hewa. Wengine hudhani maziwa yakiganda yamekuwa salama. Sivyo, kuganda si kuchemka. Wala tusitegemee macho tu: ng'ombe mgonjwa aweza kukonda na kukohoa, lakini mwingine huonekana mnene na mzima. Mganga wa mifugo humjua kwa kumpima ngozini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 watu 147,000 waliugua kifua kikuu kitokacho kwa wanyama, na 12,500 wakafa. Wengi walikuwa wa Afrika na Asia ya Kusini Mashariki.

3. Hospitalini

Vipimo vya kawaida vya makohozi havitofautishi vijidudu hivi viwili. Tena pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, haikiui kile cha ng'ombe. Kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari kwamba anafuga, au amezoea maziwa mabichi. Mtoto mwenye uvimbe shingoni usiopungua apelekwe hospitali upesi. Tusipoteze miezi tukitafuta ni jirani gani aliyemroga.

Tumshukuru Mungu pia kwamba katika kijidudu hichohicho ulipatikana msaada. Wafaransa Calmette na Guérin walikiotesha tena na tena tangu 1908 hata kikadhoofika, na mwaka 1921 chanjo ya BCG ikaanza kutolewa. Huwakinga watoto wadogo na kifua kikuu kilicho kikali. Basi watoto wetu wachanjwe.

4. Litupasalo

Tuchemshe maziwa yote, hata ya kugandisha: kwanza yachemke, yapoe, ndipo yagandishwe. Nyama ikaguliwe, nayo iive. Zizi liwe na hewa, wala watu wasilale humo. Mwenye kifua kikuu asikamue mpaka daktari amruhusu, maana hata mtu aweza kumwambukiza ng'ombe.

Liko jambo moja gumu zaidi. Ng'ombe akionekana mgonjwa, mwenye mali hushawishika kumwuza upesi kwa asiyejua, ili hasara imwangukie mwingine. Ni kweli, ng'ombe ni ada ya shule na akiba ya nyumba. Lakini kumpenda jirani hakukomi mnadani. Amwite mganga wa mifugo kwanza, na wazee wa mtaa waone jinsi ya kumsaidia aliyepata hasara kwa kusema kweli.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Maziwa tunywayo na tuuzayo yachemshwa na nani, na lini?
2. Mkristo afanye nini akijua ng'ombe anayeuzwa ni mgonjwa?
3. Mtaa wetu wawezaje kumsaidia mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake?

Bwana atupe hekima ya kutunza alivyotukabidhi. Amina.