Mtoto Anayeumwa Tumbo Kila Jumatatu

Mara nyingi hospitalini huletwa mtoto wa darasa la tatu au la nne anayelalamika tumbo. Tunapima choo, tunapima malaria, hakuna kitu. Jumamosi anacheza, Jumatatu asubuhi amejikunja tena. Mama husema, "Sista, huyu anadeka." Hapana, mama, tumbo linamuuma kweli. Hofu na huzuni ya mtoto hutokea mwilini: tumbo, kichwa, kukosa usingizi, hata kukojoa kitandani wakati alikwisha acha.

Mmoja tulimpa dawa za minyoo mara mbili. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza. Mwalimu wa malezi ndiye aliyegundua: baba alikuwa amefariki mjini, nyumbani mtoto akaambiwa amesafiri, na darasani wenzake wakimwita yatima. Mwalimu alimwita mama na afisa ustawi wa jamii, wakakaa pamoja. Mama alimweleza mwanawe ukweli, akampeleka kaburini. Mwalimu naye alizungumza na darasa. Tumbo halikupona siku ile. Lilichukua wiki kadhaa.

Basi, kabla ya kumchapa au kununua dawa nyingine, nenda shuleni ukaulize: anakaa na nani, nani anamwonea, alianza lini kunyamaza? Kama anayemuumiza ni mtu wa nyumbani, au ni mwalimu mwenyewe, nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii, au piga simu 116, ni bure. Na mtoto akitamka kwamba anataka kufa, usimwache peke yake. Mlete hospitali siku hiyo hiyo.