WATEJA NI WAKO AU NI WA UKURASA? Somo kutoka kwa mama wa tamthilia

Leo tuache kidogo habari za kupiga picha na kulipia matangazo. Nataka tujifunze kwa mwandishi wa tamthilia. Ndiyo, tamthilia hizi hizi ambazo unasubiri ziishe ndo ujibu meseji za wateja.

Anaitwa Irna Phillips, Mmarekani, alizaliwa Chicago mwaka 1901. Kazi yake ilikuwa ualimu. Mwaka 1930 akaanza kuandika mchezo wa redio kwenye kituo cha WGN hapo hapo Chicago. Mchezo uliitwa Painted Dreams, hadithi ya mama mmoja na familia yake, ikiendelea siku hadi siku. Wasikilizaji wengi walikuwa akina mama walioko nyumbani mchana.

Mchezo ukashika. Irna akataka kuupeleka kwenye redio inayosikika nchi nzima. Kituo kikamwambia hapana, huu ni mali yetu. Akaenda mahakamani, na mwishowe akashindwa. Yaani hadithi ametunga yeye, maneno kaandika yeye, hata kuigiza aliigiza humo, lakini mwenye mali ni mwingine.

Hakukaa kulia. Mwaka 1932 akaanzisha mchezo mwingine NBC, Today's Children, nao wa mama na watoto wake. Safari hii alihakikisha haki ziko mikononi mwake. Mdhamini akawa Pillsbury, wauza unga wa ngano. Mwaka 1937 ikaja Guiding Light. Ilianza redioni, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1952, ikaja kuisha 2009. Hesabu mwenyewe, ni miaka 72! Mwaka 1956 akaleta As the World Turns, ya nusu saa, wakati tamthilia za mchana zilizoea dakika 15. Hiyo nayo ilienda mpaka 2010.

Sasa sisi wauza mitandaoni tunachukua nini hapo?

1. UKURASA NI KIBANDA CHA KUPANGA
Una wafuasi elfu kumi, hongera. Ila mwenye nyumba ni mtandao. Akaunti ikifungwa au ikidukuliwa, wale watu huna pa kuwapata. Irna alikuwa na wasikilizaji, ila kituo ndicho kilikuwa na mchezo. Mimi kila anayenunua namuandika kwenye daftari: jina, namba, alichonunua, saizi, tarehe. Namuomba ruhusa kwanza nimtumie mzigo mpya ukifika. Akikataa, namuacha. Na namba ya mteja haigawiwi kwa mtu mwingine, hata awe rafiki yako wa damu.

2. WAZOEZE WATU SAA
Michezo ya Irna ilikuja siku zile zile, saa ile ile, na kipindi kiliishia pale ambapo lazima kesho urudi. Wewe unaposti leo mara nane, halafu wiki nzima kimya. Chagua siku zako. Mfano: kila Jumatano saa 2 usiku mzigo mpya. Jumanne onesha kitenge kimoja tu, sema vingine kesho. Ila Jumatano ikifika viwepo kweli! Mteja ukimdanganya mara moja, ya pili harudi.

3. JUA NANI ANAKUTAZAMA NA ANANUNUA NINI
Unajua kwa nini Waingereza na Wamarekani tamthilia hizi wanaziita opera za sabuni? Kwa sababu waliokuwa wanazidhamini ni watengeneza sabuni, kama Procter & Gamble. Walijua anayesikiliza mchana ndiye anayenunua sabuni ya nyumba. Irna naye akaandika mambo ya nyumba: ndoa, watoto, wakwe, magonjwa. Kama unauza nguo za watoto, acha kuposti vichekesho vya mpira ili upate laiki. Laiki hazilipi kodi ya fremu. Ongea na mama anayetafuta sare ya shule mwezi Januari.

4. UKIUZA, JUA UNAUZA NINI
Hapa ndo panaponiuma. Baadaye haki za baadhi ya kazi zake, Guiding Light ikiwemo, zilienda kwa Procter & Gamble. As the World Turns pia ilikuwa yao. Mwaka 1973 wakamuondoa kwenye tamthilia hiyo aliyoianzisha mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Mtu aliyeshajifunza umuhimu wa haki miaka ya thelathini! Kwa hiyo akija mtu na mtaji, anataka muungane, muandikishane: jina la biashara ni la nani, akaunti ni ya nani, laini ya simu imesajiliwa kwa nani, daftari la wateja linabaki kwa nani mkiachana. Kuandikishana siyo kutoaminiana, hata ndugu wanaandikishana shamba.

KAZI YA LEO: chukua daftari la kawaida tu. Pitia meseji zako, andika wateja 20 wa mwisho walionunua. Kesho ongeza 20.

Halafu nijibu hapa chini bila kuona aibu: ukurasa wako ukifungwa kesho asubuhi, ni wateja wangapi unaweza kuwapigia simu kabla ya saa sita mchana?