Kuombwa Mji: Mgeni katika Mchezo wa Vitendawili

Kitendawili ni kipera cha fasihi simulizi kinachohitaji pande mbili: mtegaji na mteguaji. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na hadhira hujibu, "Tega!" Mgeni mchezoni aghalabu hufundishwa kianzio hiki, kisha majibu. Hata hivyo, uti wa mgongo wa mchezo u katika hatua nyingine, nayo ni kuombwa mji.

Mathalani, katika kikao cha watoto huko Magarini, kaunti ya Kilifi, mmoja ategapo, "Nyumba yangu haina mlango," na wenzake wakashindwa, huwaambia, "Nipeni mji." Wakimpa Marafa, aweza kuukataa, wakimpa Mambrui, huupokea, akasimulia alivyofika huko na alivyokaribishwa, ndipo afichue jibu: yai. Mambrui yenyewe hubaki palepale pwani. Mji uliotolewa ni wa kubuni, na aliyeshindwa ndiye aliyeutoa.

Kwa hivyo, asiyejua jibu hafedheheki, bali huwa mwenye mji na msikilizaji wa safari. Mwalimu anayeiruka hatua hii darasani hubakiza maswali na majibu tu, yaani mtihani. Basi mgeni na afundishwe kutoa mji kabla ya kukariri majibu.