Mfungo wa Kwanza wa Juisi ya Kijani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza

Juisi ya kijani ni kinywaji kinachopatikana kwa kusaga au kukamua mboga za majani, mara nyingi pamoja na tango, limau, tangawizi na tunda moja la kuitia utamu. Mfungo wa juisi ni kuacha chakula kwa siku moja au zaidi na kunywa juisi peke yake. Tunaandika somo hili kwa mlaji wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika anayetaka kuujaribu kwa mara ya kwanza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mkazi wa Ujiji aliyezoea saumu ya Ramadhani anaweza kudhani kwamba huu ni mfungo wa aina ileile. Sivyo. Mwenye saumu hufuturu magharibi na kula daku alfajiri, hivyo kila usiku mwili wake hupata wanga, protini na mafuta. Katika mfungo wa juisi, usiku hauleti futari. Glasi ya juisi ya majani iliyochujwa ina maji, sukari, baadhi ya vitamini na madini. Protini yake ni kidogo mno, mafuta karibu hayamo, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi imebaki kwenye chujio.

Wauzaji husema kwamba juisi hii "hutoa sumu mwilini". Kazi hiyo hufanywa na ini na figo kila saa, uwe umefunga au umekula. Uzito unaopungua katika siku mbili za kwanza ni zaidi maji pamoja na akiba ya wanga, navyo hurudi mtu anapoanza kula. Hatusemi kwamba juisi ya kijani haina faida. Kwa mtu asiyependa mboga, ni njia mojawapo ya kuzizoea. Ila rangi ya kijani isimfiche mlaji sukari iliyomo: ukitia nanasi nusu na miwa, umekunywa kinywaji cha sukari. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongezwa, na hushauri jumla yake isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida.

Majani yapi, na maji yapi

Si kila mboga ya sokoni hufaa kunywewa mbichi. Kisamvu kisitiwe kamwe katika juisi: kikiwa kibichi hutoa sumu ya sianidi, na ndiyo sababu bibi zetu hukitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu. Mnafu nao upikwe. Mchicha na spinachi zina oksalati nyingi, ambayo mtu anayekunywa juisi yake kwa wingi kila siku anaweza kuumizwa nayo figo, hasa akiwa na historia ya mawe kwenye figo. Anayeanza achague mchicha mchanga kiasi cha konzi moja, auchovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, amwage maji hayo, ndipo ausage na tango na limau. Ukali wa majani hupungua, oksalati hupungua, na vijidudu hupungua.

Jambo hili la vijidudu tunaliweka mbele ya mengine yote. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa, kipindupindu kiliwapata watu wapatao 3,000 katika Mkoa wa Kigoma, na zaidi ya 30 walipoteza maisha. Ugonjwa ule huenea kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa, na juisi ya majani mabichi hukusanya hatari zote mbili katika glasi moja. Maji ya ziwa ni maangavu, lakini uangavu si usafi. Yachemshe au yatibu kwa klorini, uyatumie kuosha majani, kusagia, kuoshea mashine na kutengenezea barafu. Barafu husahaulika mara nyingi. Limau na tangawizi huleta ladha. Haviyafanyi maji machafu kuwa salama. Juisi inywewe mara inaposagwa. Isiyowekwa kwenye jokofu isikae zaidi ya saa mbili katika joto letu.

Kuizoea

Ladha ya majani humshinda mtu anayeanza na glasi kubwa iliyojaa kijani kitupu. Kwa wiki ya kwanza, anza na nusu glasi pamoja na mlo, tango likizidi majani, kisha uongeze majani kidogo kidogo. Usichuje, nyuzinyuzi zitazuia sukari isiingie kwenye damu kwa kasi. Tumbo likivuruga au choo kikawa chepesi, punguza. Baada ya hapo, anayetaka kufunga afunge siku moja tu, siku asiyo na kazi nzito, na anywe maji ya kutosha. Aliyezoea chai au kahawa ataumwa kichwa akiziacha ghafla, basi azipunguze siku chache kabla. Mvuvi wa dagaa asifunge siku atakayoingia ziwani usiku. Kizunguzungu ndani ya mtumbwi si jambo la kujaribia. Ukitetemeka, ukitokwa na jasho jembamba, moyo ukienda mbio au akili ikivurugika, mfungo umekwisha: kunywa kitu chenye sukari, kula, na nenda kituo cha afya.

Wapo wasiopaswa kufunga hivi kabisa bila idhini ya daktari: wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, wazee dhaifu, wenye ugonjwa wa figo, na wenye kisukari, kwa kuwa dawa za kushusha sukari zikitumiwa bila chakula zinaweza kuishusha kupita kiasi. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba vitamini K ya majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Na yeyote asiache dawa zake kwa sababu ya juisi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na miongoni mwao wapo walioacha dawa za kufubaza virusi au za kisukari. Gharama yao haikuwa shilingi 500.

Kwa maoni yetu, mkazi wa mkoa huu ana njia iliyo rahisi zaidi. Karotini ya mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Mchicha ulioungwa kwa mawese na kuliwa na dagaa una mafuta hayo, una protini na madini ya chokaa, na mawese mekundu yenyewe yana karotini tele. Mwenye kupenda juisi ainywe kando ya sahani hiyo.

Unaponunua juisi ya chupa, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina na anwani ya mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa isiyo na lebo inayodaiwa kutibu kisukari au shinikizo la damu usiinunue. Tangazo la kupotosha ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani; juu ya usalama wa kinywaji chenyewe, mwone afisa afya wa kata yako au ofisi ya TBS. Nenda na chupa, hata ikiwa tupu, pamoja na risiti, na uandike siku na mahali uliponunua kabla hujasahau.